Je, Wajua? Kwa Nini Barua Pepe Yako Hutaja Jina la Kompyuta Yako

Mfanyabiashara wa mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anaandika bei kwenye programu ya barua pepe ya kompyuta yake na kubonyeza tuma. Mnunuzi akifungua chanzo cha ujumbe, yaani maandishi yake ghafi (kwenye programu ya Thunderbird ni Ctrl+U), juu ya ile bei anaweza kukuta mstari wa namna hii:

Received: from STOO-KIRUMBA ([192.0.2.44])

STOO-KIRUMBA ni jina la kompyuta. Namba ni anwani ya IP ya mtandao ilikotokea barua.

Mstari huo unatokana na SMTP, utaratibu wa kusafirisha barua pepe uliowekwa mwaka 1982. Programu ikiunganishwa na seva, kwanza inajitambulisha. Outlook ya zamani (classic) yenye akaunti ya IMAP au POP (njia za kupokea barua kwenye programu) kwa kawaida hutaja jina la kompyuta, Thunderbird mara nyingi hutaja anwani ya ndani, mfano [192.168.1.15]. Seva nyingi hunakili utambulisho huo pamoja na IP zinayoiona, ili mafundi waweze kufuatilia barua iliyopotea au kubaini barua taka. Ukituma kwa kivinjari, anayeanzisha safari ya SMTP ni mashine ya mtoa huduma, kwa hiyo mara nyingi IP yako haionekani.

Je, IP inafichua nyumba yako? Kwa bando la simu, si rahisi: wateja wengi hushiriki anwani moja, hivyo msomaji huona kampuni ya simu na nchi. Hatari kubwa iko kwa ofisi yenye IP ya kudumu. Hata ukitumia akaunti mbili zenye majina tofauti, namba ileile inaziunganisha.

Kwenye Thunderbird, fungua mipangilio, ingia General, shuka hadi chini kabisa na ubonyeze Config Editor. Tafuta mailnews.headers.sendUserAgent uiweke false, ili barua isitaje programu unayotumia. Kisha mail.sanitize_date_header iwe true: saa itaandikwa kwa UTC (saa ya kimataifa) badala ya +0300 ya Afrika Mashariki, na sekunde zitawekwa 00. Mwisho tengeneza mail.smtpserver.default.hello_argument ya aina ya String, uandike [127.0.0.1]. Usisahau mabano ya mraba. Bila hayo baadhi ya seva hukataa barua. Kwa Outlook, njia rahisi ni kubadili jina la kompyuta yenyewe kwenye mipangilio ya Windows, liwe jina lisilotaja mtu wala mahali, halafu uiwashe upya.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloondoa IP. Kwa hilo unahitaji VPN (huduma inayoonyesha IP yake badala ya yako), au mtoa huduma anayeifuta kwenye seva yake.

Viambatisho navyo vichunguzwe. Picha ya sangara iliyopigwa kwa simu yenye GPS iliyowashwa inaweza kubeba namba za mahali ilipopigwa, kwa Mwanza takriban nyuzi 2.5 kusini na 32.9 mashariki, pamoja na saa na aina ya simu. Kwenye Windows bofya picha kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, kisha Details, na uondoe taarifa binafsi. Wateja wengi wakipokea barua moja, anwani zao ziwekwe kwenye Bcc (nakala fiche). Ukiziweka Cc (nakala ya wazi) umewagawia wote orodha yako ya biashara.

Usimbaji wa TLS (kufunga mawasiliano yasisomwe njiani), kwa mlango (port) 465 au 587, hulinda safari ya kutoka kompyuta yako hadi seva tu, jambo la lazima kabisa kwenye Wi-Fi ya mgahawa. OpenPGP, njia ya kusimba ujumbe wenyewe iliyomo ndani ya Thunderbird tangu toleo la 78 la mwaka 2020, hufunga maandishi hadi kwa mpokeaji, lakini anwani zenu na saa hubaki wazi.

Ukimaliza, jitumie barua kwenye akaunti yako ya mtoa huduma mwingine, fungua chanzo chake na usome mistari ya Received kuanzia wa chini kwenda juu. Wa chini kabisa kwa kawaida ndio ulioandikwa na seva yako ya kwanza. Jina la kompyuta likiwa bado lipo, funga programu kabisa, ifungue tena na ujaribu upya.