Ua la gelatini likilegea, usikimbilie kulaumu vipimo

Kila wiki lazima nipate meseji moja ya hivi, "dada nimefata vipimo vyako vyote lakini fundo la ribboni limelala kama kitambaa kilicholowa, nimekosea wapi?" Na ukimuuliza anaishi wapi atakwambia Mbagala, au Tanga, au Mombasa, au Unguja. Mtu wa Dodoma hajawahi kunitumia hiyo meseji hata siku moja. Sasa leo nimekaa niandike yote kwa pamoja maana nimechoka kurekodi voisi nouti zile zile.

Kwa wageni kwanza. Yale maua na mafundo ya ribboni unayoyaona juu ya keki, yanang'aa kama kioo na mwanga unapita katikati, mengi sio sukari wala sio plastiki. Ni gelatini ya unga, hii hii ya kugandishia pudini, imepakwa nyembamba ikaachwa ikauke, basi. Gelatini inatoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, ukiitia maji ya baridi inavimba, ukiipasha inayeyuka, ikipoa inaganda, na maji yakishatoka yote inabaki kama shiti ya kioo chembamba. Ila hiyo shiti haijaachana na maji. Ikiyakuta hewani inayanywa tena, taratibu, bila kukuambia. Mimi nina mwenzangu anaoka Dodoma, tuligawana kopo moja la gelatini, mizani tunatumia za aina moja, yeye akipaka usiku asubuhi anabandua inalia "ka!", mimi Dar mwezi wa nne siku ya pili yangu bado inavutika kama bigijii. Kopo lile lile jamani.

Vipimo vyangu hivi hapa, na havina siri. Gelatini gramu 30, maji ya baridi mililita 75. Kwa kijiko ni kama vijiko vikubwa 3 vya unga kwa 5 vya maji, ila nunua mizani, kijiko cha mtu mmoja kimejaa mlima cha mwingine kimekatwa. Ya kuchovyea petali (yale majani ya ua) za waya naongeza maji yafike 90 hivi. Nyunyiza unga juu ya maji, usimwage maji juu ya unga, utapata mabonge ambayo katikati ni makavu na hayayeyuki hata uyaombee. Acha dakika 10 mpaka ionekane kama sponji, alafu bakuli liweke juu ya sufuria la maji ya moto, moto umeshazimwa. Wenye maikrowevu sekunde 10, koroga, sekunde 10, koroga. Isichemke. Ikichemka nguvu inapungua, na hiyo huioni hapo hapo, unakuja kuiona kesho fundo halisimami.

Kwenye makopo ya gelatini utakuta namba, 200, 220, 250, na pembeni neno Bloom. Wengi wanadhani maana yake ni gelatini ya kutengenezea maua (hata mimi nilidhani, nikanunua kwa furaha). Ni jina la mtu, Oscar Bloom, Mmarekani aliyepata hataza ya kifaa cha kupimia ugumu wa gelatini mwaka 1925. Namba ikiwa kubwa gelatini inaganda ngumu zaidi. Kwa mapambo usishuke chini ya 200, hiyo ya namba ndogo waachie wa pudini.

Ikishayeyuka utaona povu jeupe linapanda juu. Usilikoroge. Liache dakika 5 mpaka 10 bakuli likiwa bado kwenye maji ya moto, alafu litoe kwa kijiko. Hapa ndo watu wana haraka, wanapaka na povu lake, ua linatoka na ukungu wanasema rangi ni feki. Rangi haina kosa. Na rangi zenyewe tumia za maji au za jeli, zile za mafuta za chokoleti hazichanganyiki, zinaelea vidoto vidoto. Mimi napenda kutia kidogo unga wa kung'arisha, ule wa lulu, unafanya kazi mbili, unaleta mng'ao wa satini na unaficha vipovu vilivyobaki.

Haya tuje kwenye fundo lenyewe, hapa naomba tuende polepole.

Kuna njia ya kupaka shiti kubwa, ikikauka ukate vipande ukunje. Wenzetu wa bara inawafaa sana. Kwa pwani sikushauri, maana kwenye kukunja unashika shiti kavu kwa vidole vya jasho, na ikiwa kavu kupita inapasuka, ikiwa na unyevu inajikunjua yenyewe ukigeuka kuchukua simu. Mimi nakunjia kwenye plastiki. Nachukua ile plastiki ngumu angavu ya kuzungushia keki, nakata vipande vya upana wa sentimita 3 urefu wa 16 kwa masikio makubwa (yale matanzi ya fundo), na vya 12 kwa madogo ya katikati. (Kujifunzia unaweza kutumia kava la kubaindia ripoti la stesheni, nilianza nalo, ila la kwenda kwa mteja tumia plastiki ya chakula.) Nalaza kipande, napaka gelatini kwa brashi laini kwa mwendo mmoja, kutoka huku mpaka kule, sirudii rudii kama napaka rangi mlango. Nasubiri dakika 2 au 3, ukiigusa pembeni inashika kidole lakini haikifuati. Hapo hapo nakunja, upande wenye gelatini ukiwa nje, ncha mbili zikutane, nabana na klipu ya karatasi, nalaza kiubavu ili sikio libaki mviringo. Ukichelewa gelatini inaganda inapasuka kwenye mkunjo, ukiwahi inatiririka chini na sikio linakuwa nene upande mmoja. Hizo dakika 2 au 3 ndo ufundi wenyewe, na zinabadilika kulingana na siku, kwa hiyo amini kidole kuliko saa.

Nikimaliza masikio 12 au 14 nayaacha yakauke. Utajua yamekauka ukisikia plastiki inaanza kuachia yenyewe kwenye kingo, kuna kisauti kidogo cha kubanduka. Usiivute kabla. Yakishatoka nayapanga kwenye duara ndogo ya chokoleti iliyoyeyuka, makubwa chini, madogo juu, la mwisho linasimama katikati kuficha kila kitu. Ile duara ya chokoleti ina kazi nyingine nitaisema mbele.

Maua kwangu ni mepesi kuliko mafundo ingawa watu wanaogopa waya. Chukua waya mwembamba, namba 26 au 28, zungushia kwenye kifuniko cha dawa au shingo ya chupa upate kitanzi, kibonyeze kiwe umbo la petali, chovya kwenye gelatini ya uvuguvugu na unyanyue taratibu kama watoto wanavyofanya na povu la sabuni. Itabaki ngozi nyembamba imejaa kwenye kitanzi. Kikitoboka chovya tena, hakuna aliyekufa. Gelatini ikianza kuwa nzito irudishe kwenye maji ya moto. Zamani nilikuwa nachomeka waya kwenye kiazi zikauke, kumbe kiazi chenyewe kina maji najichomea mwenyewe, siku hizi nachomeka kwenye foamu ya boksi la tivi. Zikikauka petali 5 kuzunguka kitovu kimoja, unafunga na tepu ya maua, umemaliza.

Sasa kukausha. Feni sawa, ila isielekezwe usoni kwa petali, itazikunja. Kama una eisii lala nayo usiku huo, eisii inaondoa unyevu hewani na ndo unachokitaka, baridi ni nyongeza tu. Mimi kabla sijapata eisii nilikuwa natumia boksi kubwa la plastiki lenye mfuniko, ndani naweka vile vipakti vya kunyonya unyevu vya kwenye boksi za viatu. Nilikuwa naomba dukani mpaka wakanizoea, "dada wa vipakti kaja". Vipakti vikae kwenye kibakuli visiguse maua, na visichanike. Ukikosa kabisa, mchele mkavu uliokaangwa kidogo ukapoa, si ndo bibi zetu walitia kwenye kikopo cha chumvi? Unasaidia, sio kama vipakti. Mwezi wa saba wa nane kusi ikivuma hata usihangaike, zinakauka zenyewe. Masika mimi natengeneza siku 4 kabla, na sitoi kwenye boksi mpaka keki iko ukumbini.

Hilo la ukumbini nimelipata kwa machozi. Send-off moja mwezi wa nne, keki tatu kwenda juu, nimeipamba nyumbani yote na mafundo yake mawili ya dhahabu, nikaiweka kwenye friji usiku ili wipingi krimu isilainike. Asubuhi nimeitoa, nzuri, nikaipakia kwenye gari. Kitu cha baridi ukikileta kwenye joto la Dar kinatoka jasho, kama chupa ya soda. Tumefika ukumbini fundo la juu limelala ubavuni linadondosha maji ya dhahabu mpaka kwenye ngazi ya chini. Mama wa bibi harusi mtarajiwa akaliangalia, akaniangalia, akasema tu, "mwanangu, hili linalia nini?" Nilicheka na nikalia siku hiyo hiyo. Bahati nilibeba maua ya waya ya akiba, nikang'oa mafundo nikaziba.

Toka siku hiyo pambo la gelatini haliingii friji kwangu, na haligusi krimu moja kwa moja. Wipingi krimu imejaa maji, hata batakrimu ina unyevu wake, kwa hiyo ile duara ya chokoleti chini ya fundo ndo kandambili zake, haikanyagi maji. Na ndo maana napenda fundo la gelatini kwenye keki ya wipingi kuliko la fondanti (ule unga wa sukari wa kufinyanga), la fondanti zito linazama, hili halina uzito wowote. Lingine, keki yenye vipande vya nanasi au papai lisilopikwa juu, weka mapambo mbali nayo. Yale matunda yana kimeng'enya kinachokata protini, na gelatini ni protini, itayeyuka huku unaiangalia. Ya kopo hayana shida, yameshapikwa.

Swali la pili kwa wingi, tena muhimu kwa hapa kwetu: ni ya mnyama gani? Gelatini nyingi duniani ni ya nguruwe, na pakiti iliyoandikwa gelatine tu bila maelezo mimi siinunui. Nanunua iliyoandikwa ya ng'ombe na ina alama ya halali, au ya samaki, na pakiti siitupi. Naipiga picha namtumia mteja kabla hajauliza. Usiseme "ni pambo tu hawali", mtoto atalamba, na mtu ana haki ya kujua nini kimelala juu ya chakula chake. Wahindu na wasiokula nyama vile vile, kwao hata ya ng'ombe haifai.

Hapo ndo wanaponiambia tumia agaa basi, si inatokana na mwani, na Zanzibar mwani umejaa. Jamani mwani unaolimwa Paje na Jambiani kwa sehemu kubwa ni spinosamu na kotonii, huo unatoa karajinani, kigandishio kingine, agaa inatoka kwenye mwani wa aina nyingine. Na agaa lazima ichemke kabisa ndo iyeyuke, inaganda hata kwenye joto la kawaida, kwa jeli ni nzuri mno, haikulegei juani. Ila ukiipaka nyembamba ikauke inajikunja na kukatika, mimi imenishinda kwenye mafundo. Mteja asiyetaka gelatini namfanyia maua ya karatasi ya mchele, tena yanapendeza, nitaandika siku yake.

Waya usichomeke kwenye keki hivi hivi. Kata mrija, ziba ncha ya chini na chokoleti, ingiza kwenye keki, shina la ua likae humo ndani. Na mwambie mwenye shughuli kwa mdomo, sio kwa meseji, kwamba maua yanatolewa kabla kisu hakijapita. Mimi nikipeleka maua 7 naandika 7 kwa kalamu kwenye boksi, na nabaki pale pembeni mpaka mpishi wa ukumbi anirudishie mashina 7 mkononi. Juzi alinipa 6, tukalitafuta la saba dakika kumi nzima, kumbe MC kalichomeka kwenye mfuko wa koti.