Msuli huvuta tu, na kuachia nako ni kazi

Wavuvi wa dagaa ninaowatibu katika chumba changu cha fiziotherapia hapa Mwanza mara nyingi hunijia mbalamwezi ikishapita. Mwezi ukiwa mkubwa taa zao haziwakusanyi dagaa, kwa hiyo hukaa nchi kavu, na giza likirejea huingia ziwani na kuvuta nyavu usiku kucha. Kesho yake, na zaidi kesho kutwa, mikono na mabega huwauma hata kuvaa shati kukawa shida. Wengi huniambia kwamba misuli imejaa asidi. Sivyo, na ili nieleze kinachowauma hasa, hulazimika kuanza na jambo ambalo ndilo msingi wa mwendo wote wa mwili: msuli huvuta tu, hauwezi kusukuma.

Mtazame mvuvi anayevuta kamba ya wavu. Msuli wa mbele ya mkono wa juu, bisepsi, unapofupika, kano yake huuvuta mfupa wa kigasha na kiwiko kikakunjika. Anapotaka kunyoosha mkono aishike kamba mbele zaidi, bisepsi haina uwezo wa kuurudisha mkono. Msuli wa nyuma, trisepsi, ndio unaovuta sasa huku bisepsi ikilegea. Hata anayeusukuma mtumbwi uingie majini, misuli yake yote inavuta, na mifupa inayovutwa ndiyo inayosukuma. Tunayo misuli ya namna hii zaidi ya 600, na iliyo mingi imewekwa hivyo, mmoja ukikabiliana na mwingine upande wa pili wa kiungo.

Uvutaji wenyewe hutokea mahali padogo mno. Kila uzi wa msuli umegawanyika kwa ndani kama pingili za muwa, na kila pingili ina urefu wa takribani sehemu mbili za elfu za milimita. Humo mna nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini na nyuzi nene za miosini. Mwaka 1954 makundi mawili ya watafiti, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande wa pili, yalionyesha katika toleo lilelile la jarida la Nature kwamba nyuzi hizo hazifupiki hata kidogo, bali huteleza na kupishana. Miosini ina vichwa vingi. Kichwa hushika aktini, huivuta, huiachia, kisha huishika mbele zaidi, jinsi wavuvi wanavyopokezana mikono kwenye kamba. Sijapata mfano mwingine unaoeleweka upesi kama huo, na wagonjwa wangu huuelewa kwa sababu wameuishi. Amri hutoka kwenye ubongo, hupita katika uti wa mgongo na neva, na ikifika kwenye msuli huachilia kalsiamu, ambayo hufungua sehemu za aktini ambazo vichwa hivyo hushika.

Watu wengi hudhani kwamba nguvu hutumika wakati wa kushika na kuvuta peke yake. Kichwa cha miosini hakiwezi kuiachia aktini mpaka kipate kemikali ya nishati iitwayo ATP, na ATP hiyohiyo huhitajika kuirudisha kalsiamu ghalani mwake ili msuli ulegee. Ushahidi uko mwaloni kila siku: sangara aliyekufa hulegea kwanza, kisha baada ya muda hukakamaa mwili mzima, kwa kuwa ATP imekwisha na vichwa vimebaki vimeng'ang'ania. Hulainika tena baadaye, protini zenyewe zinapoanza kuvunjika. Maiti ya mwanadamu nayo hupitia hali hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye maumivu. Wimbi linapoirudisha kamba na mvuvi akaizuia isimponyoke, bisepsi yake inavuta na wakati uleule inarefushwa kwa nguvu. Vivyo hivyo hutokea kwa mchukuzi wa Kirumba anaposhusha gunia polepole, au kwa mkazi wa milima ya mawe ya Mabatini anapoteremka kwenda mjini: kupanda humtoa jasho, lakini kinachoyaacha mapaja yake na maumivu ni kuteremka, kwa sababu misuli ya mbele ya paja hurefushwa huku ikizuia mwili usiporomoke. Katika kazi hiyo baadhi ya pingili huvutwa kupita kiasi na kuchanika kidogo, na maumivu hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Asidi inayosingiziwa huwa imekwisha kuondoka damuni ndani ya saa moja hivi.

Msuli uliopata madhara hayo madogo hujijenga upya, na kwa wiki kadhaa hauumii tena kirahisi kwa kazi ileile. Ndiyo maana huwaomba wavuvi wangu wasikae bure mbalamwezi yote. Siku chache kabla ya giza, wachukue ndoo yenye maji kiasi, waikunjie mkono mpaka karibu na bega, kisha waishushe taratibu sana, mara kumi kwa kila mkono, na kesho yake wapumzike.