Nasturtiamu haitaki samadi: ua la kula kwenye mchanga wa Dodoma

Nasturtiamu yangu ya kwanza hapa Dodoma niliiharibu kwa kuipenda. Nilichimba shimo, nikajaza samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nikamwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Majani yakawa mapana kama visahani vya chai, mashina yakatambaa hadi mlangoni. Maua? Nilihesabu manne. Wakati huohuo, mbegu moja iliyonidondoka kando ya ukuta, pale mafundi walipoacha mchanga na kokoto, ilikuwa imejaa maua ya rangi ya chungwa, na hakuna aliyeihangaikia.

Mimi ni bwana shamba, na jambo hili nilifundishwa darasani. Mmea huu ukipata naitrojeni nyingi hunogewa na majani na kusahau maua. Samadi, mbolea ya kuku na urea vyote vinaupeleka huko. Kwa hiyo udongo wetu mwekundu wa kichanga, ambao kila mwenye kiwanja kipya huku Dodoma anaulalamikia, kwa ua hili ni sawa kabisa. Legeza udongo, toa mawe makubwa, basi. Kama hapo hapashiki maji hata kidogo, changanya mboji viganja viwili kwa shimo, usizidishe.

Asili yake ni milima ya Andes, upande wa Peru, na hapo ndipo penye mtego kwa sisi wa kanda ya kati. Ni mmea wa jua, lakini si wa joto kali. Wengi hupanda Oktoba kwa kuwa ndipo wanaposafisha uwanja wakisubiri mvua, na jua la Oktoba na Novemba linaukausha mche kabla haujashika. Mimi hupanda mwishoni mwa Aprili, mvua zinapoondoka na udongo bado una unyevu. Ukihesabu miezi miwili hivi, maua yanaanza kipupwe kinapoingia, na usiku wa baridi wa Juni na Julai ndio yanaoupenda. Tatizo la miezi hiyo ni upepo, nanyi mnaujua upepo wa Dodoma. Mashina yake yana maji mengi na yanakatika upesi, kwa hiyo panda nyuma ya ukuta au uzio, mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nane mchana.

Mbegu ni kubwa kiasi cha njegere kavu, na ina makunyanzi na ganda gumu. Loweka usiku mmoja. Fukia sentimita 1 hadi 2, acha sentimita 30 kati ya shimo na shimo, na utaona chipukizi ndani ya siku 7 hadi 14. Panda palepale itakapokaa, maana mizizi yake haipendi kuhamishwa. Kwenye maji ya mgao haikusumbui sana: nasuuza mchicha, yale maji naipa yenyewe, kila baada ya siku mbili au tatu ikishakua. Ukimwagia juu ya jani, angalia kidogo. Jani halilowi, maji yanajikusanya matone na kuviringika kama shanga, kwa sababu jani limefunikwa nta. Bua nalo limeshika katikati ya jani, si pembeni, ndiyo maana jani lafanana na mwavuli mdogo. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliona ngao kwenye jani, akaona na kofia ya vita kwenye ua, akaupa mmea jina la Tropaeolum, kutokana na nguzo ya kutundikia silaha za adui aliyeshindwa.

Vidukari weusi wataupenda kuliko wewe. Kuna wanaoupanda karibu na sukuma wiki wakidhani unafukuza wadudu. Hapana, unawavuta. Manufaa yake ni kuwa mtego: vidukari wakijaa kwenye jani la nasturtiamu, kata jani zima ukalizike mbali. Ukiwaacha hapo umewafugia mboga zako.

Sasa jikoni, ambako ndiko ninakoipendea. Jirani yangu, bibi wa Kigogo, alinikuta nikichuma.

“Mjukuu wangu, ua la boga nalijua. Hili la mapambo nalo linaliwa?”

“Onja, bibi.”

Akatafuna polepole, akashika pua. “Mh! Linawasha kama figili.”

Bibi alipatia. Jina nasturtiamu lenyewe ni la Kilatini, maana yake ni kitu cha kukunja pua. Ukali huo ni wa ukoo mmoja na haradali: jani likitafunwa au kukatwa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani yake hukutana na kemikali nyingine, na muwasho unazaliwa hapohapo. Moto unakiua kimeng'enya, kwa hiyo ukilipika na mlenda utapata jani tu, bila pilipili yake. Kata majani machanga vipande vyembamba, tupa kwenye kachumbari dakika ya mwisho. Ua zima weka juu ya parachichi lenye limao na chumvi. Nyuma ya ua kuna mkia mwembamba wenye maji matamu. Watoto wangu wanaung'ata kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo asile, na maua ya kununuliwa dukani usile, huwezi kujua yamepuliziwa dawa gani.

Mbegu changa, zikiwa bado kijani na zinashikana tatu tatu, ni achari nzuri. Nazilaza siku moja kwenye maji ya chumvi, nazichuja, nazimwagia siki iliyochemka ndani ya chupa safi, kisha zinakaa kwenye friji wiki mbili kabla sijafungua.

Bibi aliomba mbegu tisa. Alizipanda kando ya zizi la mbuzi, penye samadi ya miaka. Nikamwambia, akacheka. Majani anayo hadi leo. Maua anakuja kuchuma kwangu.