Jopo halisikii moyo wako unavyodunda

Mwaka huu kijana mmoja alikuja kwenye kitengo chetu cha ushauri wa ajira akiwa ametoka Dodoma kwenye usaili, na ilikuwa mara ya pili anakosa nafasi. "Mchujo wa kuandika napita vizuri tu," aliniambia, "lakini nikikaa mbele ya jopo akili inagoma. Woga unanimaliza." Nikamwomba akae upande wa pili wa meza, nikamuuliza swali linaloanzisha usaili mwingi: jieleze kwa ufupi.

Akaanza na mwaka aliozaliwa. Akapita shule ya msingi, akataja na ile aliyohamia darasa la tano baba alipohamishwa kikazi. Dakika ya pili ilipoisha alikuwa bado yuko kidato cha nne. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nilikaa kwenye majopo ya usaili kwa miaka kadhaa, na ninachokiona ni hiki: watu wengi hukosa alama kwa sababu ya jibu lisilofika, halafu lawama zote zinaangushiwa woga.

Woga wenyewe ni kazi ya kawaida ya mwili. Ubongo ukihisi kuna jambo kubwa mbele, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unaenda mbio, viganja vinalowa jasho, mate yanakauka, pumzi inakuwa fupi. Kujiambia "tulia, tulia" husaidia kidogo sana, maana moyo haupokei amri. Pumzi inapokea. Ukiwa kwenye benchi unasubiri kuitwa, vuta hewa kwa puani ukihesabu mpaka 4, kisha itoe taratibu ukihesabu mpaka 6. Rudia kwa dakika mbili au tatu. Ule utoaji mrefu ndio unaopunguza mapigo ya moyo. Kunywa maji, pita msalani mapema, na kahawa ya pili iache.

Kuna jambo lingine ambalo wasailiwa hawaliamini mpaka waonyeshwe: woga unaousikia wewe ndani hauonekani nje kwa kiasi hicho. Mwaka 2003 wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, wa Marekani, walichapisha utafiti wa watu waliotakiwa kuhutubia. Wahutubiaji walidhani kila mtu anauona woga wao. Wasikilizaji waliona kidogo kuliko hivyo. La kufurahisha zaidi, wale waliodokezwa mapema kwamba woga wao hauonekani sana walihutubia vizuri zaidi. Basi nawe umeshadokezwa. Aliyekaa mbele yako hausikii moyo wako. Anatazama karatasi ya alama, na huenda wewe ni mtu wa kumi na tisa tangu asubuhi.

Sehemu ya woga huo inatoka kwenye bahasha ya vyeti, si kichwani. Nimewaona watu wakiingia wamevurugika kwa sababu getini wameambiwa jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halilingani na la kwenye cheti cha kidato cha nne. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwa yanasema wazi: vyeti halisi, kitambulisho kama cha taifa (NIDA), hati ya kiapo kama majina yanatofautiana, na hati za matokeo ya muda hazipokelewi. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika: TCU kwa vyuo vikuu, NACTVET kwa vyuo vya kati na ufundi, au NECTA kwa mitihani ya shule. Nauli na malazi ni juu yako. Hayo yamalize wiki moja kabla, ulale usingizi.

Turudi kwenye "jieleze". Swali hilo halitaki historia ya maisha. Linataka sentensi nne au tano: umesomea nini, umefanya kazi gani inayofanana na hii, jambo moja ulilolifanya likaonekana, na kwa nini umeomba nafasi hii. Dakika moja na nusu inatosha kabisa. Usiikariri neno kwa neno kama shairi la mashindano, kwa sababu neno moja likipotea shairi zima linaanguka. Kariri vituo tu, kama abiria wa daladala anavyojua Magomeni inakuja kabla ya Manzese.

Gonjwa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni neno "tulifanya". Tumelelewa kutojisifu, na malezi hayo nayaheshimu. Lakini chumba cha usaili kina kanuni yake: jopo haliwezi kumpa alama "sisi". Kijana wangu aliomba nafasi ya afisa maendeleo ya jamii. Nilipomuuliza kuhusu mafunzo kwa vitendo alijibu hivi: "Tulikuwa tunashughulika na vikundi vya mikopo ya halmashauri, tulihamasisha sana wananchi na tukapata mafanikio makubwa." Nani alihamasisha? Mafanikio yapi? Nikamkamua. Kumbe yeye binafsi alipewa vikundi vitatu vilivyoacha kurejesha mkopo, akavitembelea, akagundua kwamba kimoja cha mama lishe kinashindwa kwa sababu hela yao inaingia kila siku huku rejesho likisubiri mwisho wa mwezi, wakati imeshaliwa. Akapendekeza waweke kidogo kidogo kila Ijumaa kwa mweka hazina wao. Kikaanza kulipa.

Hilo ndilo jibu, na alikuwa amelificha. Mpangilio wake unajileta wenyewe: hali ilikuwaje, wewe ulipewa nini, ulifanya nini, kilitokea nini. Namba ikiwepo, itaje. Na kwa nafasi kama yake, asipojua kwamba ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hakuna pumzi itakayomwokoa. Maandalizi ya somo lenyewe hayana mbadala.

Swali usilolijua litakuja tu. Wengi hulizungukazunguka, na wasaili hulijua hilo mapema kuliko unavyofikiri. Sema: "Jambo hilo sijawahi kulifanyia kazi. Ningekabidhiwa, ningeanza kwa kuangalia mwongozo na kumuuliza aliyenitangulia." Usiposikia vizuri, omba swali lirudiwe. Kimya cha sekunde tatu kabla ya kujibu si kosa, ingawa kwako kitaonekana kama nusu saa. Usaili ukiwa kwa Kiingereza, tumia sentensi fupi unazozimudu. Ukikwama katikati, omba ruhusa kwa adabu umalizie kwa Kiswahili. Wanaweza kukataa, lakini utakuwa umepata nafasi ya kuvuta pumzi.

Naulizwa sana kuhusu salamu. Je, useme shikamoo? Kijana mbele ya watu wazima akisema "shikamooni" hajakosea, na "habari za asubuhi" nayo haijakosea. Kosa ni kukaa kabla hujakaribishwa na kuacha simu ilie.

Mimi mwenyewe, kwenye usaili wangu wa kwanza, niliulizwa kwa nini nataka kufanya kazi na taasisi ile, nikajibu kwa ufasaha mkubwa nikitaja jina la taasisi nyingine. Mwenyekiti alicheka, mimi nikatamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimefanya mazoezi kichwani tu, siku zote kimyakimya, wala mdomo wangu haukuwahi kulitamka lile jina.

Kwa hiyo mazoezi yafanye kwa sauti. Chukua simu, jirekodi ukijibu "jieleze", kisha sikiliza. Hesabu umesema "tulifanya" mara ngapi. Futa, rekodi tena. Jioni mwite dada au jirani akuulize maswali akiwa amenuna. Yule kijana alirudi ofisini wiki iliyofuata na rekodi kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa ya dakika sita, ya mwisho sekunde themanini na tano, na mama lishe wa Ijumaa walikuwa wamo.