Maana ya ubia wa uhandisi katika kutengeneza na kuuza vifaa tiba

Katika fani ya vifaa tiba, ubia wa uhandisi ni mpango ambao mwenye wazo la kifaa cha kupima au kutibu maradhi, awe ni kampuni, hospitali, chuo au mgunduzi mmoja, huikabidhi kampuni nyingine ya wahandisi sehemu ya kazi, au hata kazi yote, ya kukisanifu kifaa hicho, kukijaribu, kukiandaa kwa ajili ya kiwanda na kukifikisha sokoni. Mwenye wazo hubaki na jina lake juu ya kifaa, naye mbia huleta ujuzi, maabara na watu. Mara nyingi dhana hii huchanganywa na kununua vipuri au kuajiri mafundi wa muda, ilhali tofauti ni kubwa. Anayeuza kipuri huuza kitu kilichokwisha kuamuliwa, lakini mbia wa uhandisi hushiriki katika kuamua, na baadhi ya maamuzi yake hukaa ndani ya kifaa kwa miaka kumi au ishirini, mahali ambapo muuguzi anayekitumia hawezi kuyaona.

Sheria za udhibiti zinautambua utaratibu huu, na namna zinavyoutambua ndiyo inayoeleza kiini chake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/745, iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei 2021, inamhesabu kuwa mtengenezaji mtu anayekitengeneza kifaa mwenyewe na pia mtu anayewapa wengine kazi ya kukisanifu au kukitengeneza, mradi kifaa kinauzwa kwa jina lake au kwa alama yake ya biashara. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mtengenezaji mbele ya sheria bila kumiliki hata bisibisi. Kazi hugawanywa kwa kadiri wabia wanavyopatana, lakini wajibu wa mwenye jina haupungui kwa kugawanya kazi: mgonjwa akiumia, kusema kwamba kosa ni la wahandisi wa nje hakumwondolei dhamana. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13485, kinachohusu mifumo ya ubora ya watengenezaji wa vifaa tiba, kinasisitiza jambo hilohilo kwa kutaka kazi iliyopelekwa nje idhibitiwe na aliyeipeleka kwa kadiri ya hatari iliyomo, na makubaliano ya ubora yawekwe kwa maandishi.

Ushirikiano wa aina hii una umri mrefu kuliko kanuni hizo. John Gibbon, daktari mpasuaji wa Marekani, alianza katika miaka ya 1930 kutafuta mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu wakati daktari anaurekebisha moyo uliofunguliwa. Yeye na mkewe Mary waliijaribu kwa wanyama kwa miaka mingi, wakafika mahali ambapo elimu ya tiba peke yake isingeweza kuwavusha. Mwaka 1946 Gibbon alikutana na Thomas Watson, mkuu wa IBM, kampuni ya Marekani ya mashine za ofisini na za hesabu, na kampuni hiyo, ambayo haikuwa ya vifaa tiba, ikatoa wahandisi wake waisanifu mashine upya pamoja naye. Tarehe 6 Mei 1953, katika mji wa Philadelphia, msichana wa miaka 18 alizibwa tundu lililokuwa kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo wake, na kwa dakika 26 mashine ndiyo iliyombeba. Wagonjwa wengine wa Gibbon hawakupona na yeye mwenyewe akaiacha kazi hiyo, lakini michoro haikupotea: ilifika Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, ambako John Kirklin na wenzake waliirekebisha mashine na kuanza kuitumia mwaka 1955. Naona sehemu hii ya mwisho ya kisa ndiyo yenye uzito zaidi kwa mada yetu, kwa kuwa kifaa kilivuka kutoka mkono hadi mkono kwa sababu kilikuwa kimeandikwa.

Nchini Sweden, mwezi Oktoba 1958, mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist walipandikiza kwa mara ya kwanza ndani ya mwili wa mtu kifaa cha kuusukuma moyo upige kwa mpangilio. Kifaa cha kwanza kilidumu saa chache tu, wakaweka kingine. Mgonjwa huyo, Arne Larsson, aliishi hadi mwaka 2001, akiwa amebadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini. Daktari na mhandisi wale walifanya kazi bega kwa bega na kwa haraka, bila mafaili ya maelfu ya kurasa. Leo njia hiyo imefungwa, na imefungwa kwa sababu nzuri.

Tuchukue pampu ya kuingizia dawa mshipani. Ndani yake mna mota inayosukuma dawa kwa kipimo kidogo sana, sensa ya kugundua mapovu ya hewa kwenye mrija, betri inayotakiwa kuendelea umeme ukikatika, kengele za tahadhari, programu inayoviongoza vyote hivyo, na kioo ambacho muuguzi aliyechoka atakisoma usiku. Usalama wa umeme una kiwango chake, IEC 60601, cha shirika la kimataifa la viwango vya umeme. Programu ina kiwango cha IEC 62304 cha mwaka 2006, kinachozigawa programu katika madaraja A, B na C kwa kadiri ya madhara yanayoweza kutokea ikikosea. Urahisi wa kutumia una IEC 62366, usalama wa vitu vinavyogusa mwili una ISO 10993, na usimamizi wa hatari una ISO 14971. Ni nadra kampuni changa yenye watu kumi kuwa na wataalamu wa mambo yote hayo, na kuwaajiri wote kwa ajili ya kifaa kimoja ni kuwalipa wengi wao miaka ambayo hawatakuwa na kazi. Hapo ndipo mbia anapohitajika.

Kinachopita kati ya pande hizo mbili, kabla ya kitu chochote cha kushikika, ni maandishi. Kazi huanza na mahitaji ya mtumiaji, yakageuzwa kuwa vipimo vinavyoweza kupimwa, kisha michoro na programu, kisha majaribio. Majaribio hayo ni ya namna mbili, nazo hazipaswi kuchanganywa. Uhakiki huuliza kama kifaa kimetengenezwa sawasawa na vipimo vilivyoandikwa. Uthibitisho huuliza kama vipimo hivyo vilikuwa ndivyo mtumiaji na mgonjwa walivyohitaji. Pampu inaweza kufaulu uhakiki wote, ikasukuma dawa kwa usahihi kamili, halafu ikaanguka katika uthibitisho kwa sababu vitufe vya kuongeza na kupunguza dozi vinafanana mno. Mbia wa nje aghalabu ni hodari wa uhakiki, lakini uthibitisho haumwezekanii bila mwenye kifaa kumfungulia mlango wa wodi. Marekani iliingiza udhibiti wa usanifu katika kanuni zake za ubora zilizoanza kutumika mwaka 1997, zikidai kila kifaa kinachohusika kiwe na jalada la historia ya usanifu wake. Tangu tarehe 2 Februari 2026 kanuni hizo zimeandikwa upya na kujengwa juu ya ISO 13485 ya mwaka 2016.

Jalada hilo huonekana kwa wengi kama mzigo wa karatasi. Historia ya mashine ya mionzi iliyoitwa Therac-25 inaonyesha linabeba nini. Shirika la nishati ya atomiki la Kanada, AECL, lilishirikiana na kampuni ya Ufaransa ya CGR kutengeneza mashine mbili za kutibu saratani, Therac-6 na Therac-20. Mashine hizo zilijengwa juu ya mashine za Kifaransa zilizoweza kufanya kazi bila kompyuta, na kwa hiyo zilikuwa na vizuizi vyake vya umeme na vya mitambo vilivyozuia mionzi kutoka pasipo mpangilio sahihi. Kompyuta iliongezwa ili kurahisisha kazi. Baadaye ubia ukavunjika, na AECL ikatengeneza Therac-25 peke yake. Iliirithi sehemu ya programu ya zamani, ikaondoa baadhi ya vizuizi vya mitambo, na kuiachia programu jukumu la usalama ambalo haikuandikwa kulibeba. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 wagonjwa sita walipigwa na mionzi kupita kiasi kikubwa mno, na baadhi yao wakafa kwa majeraha hayo. Katika mojawapo ya makosa yaliyogunduliwa, mtumishi mzoefu aliyerekebisha taarifa za tiba haraka, ndani ya sekunde nane, aliiacha mashine katika hali isiyolingana na ilivyoonyeshwa kwenye skrini. Kosa hilo la programu lilikuwamo pia katika Therac-20. Huko halikumuumiza mtu, kwa kuwa vizuizi vya umeme viliikata mashine kabla mionzi haijatoka.

Ubia ulipokwisha, vitu vilibaki, na msimbo wa programu ukabaki, lakini hoja ya kwamba programu ile ilikuwa salama kwa sababu tu kulikuwa na kizuizi kingine nyuma yake haikusafiri pamoja navyo. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye moyo wa dhana yote. Anayemwajiri mbia wa uhandisi hudhani ananunua michoro, ilhali anachohitaji kukinunua ni sababu za michoro: kwa nini betri hii na si ile, ni hatari gani ilizuiwa na skrubu hii, ni dhana ipi ikibadilika hesabu yote inaharibika. Michoro isiyo na sababu humfaa mwenye kifaa hadi siku ya mabadiliko ya kwanza tu.

Mkataba basi una kazi zaidi ya kutaja malipo na tarehe. Unapaswa kueleza nani anamiliki hataza na msimbo, na kutofautisha maarifa ambayo mbia alikuja nayo na yale yaliyozaliwa katika mradi, kwa kuwa mbia mwenye wateja wengi hatakubali kuuza zana zake za kila siku. Unapaswa kutamka kwamba mbia habadilishi sehemu yoyote, hata aina ya gundi, bila kutoa taarifa na kupata idhini, na kwamba wakaguzi wanaruhusiwa kuingia kwake. Hili la mwisho si la kinadharia: chini ya kanuni ya Ulaya, taasisi zinazotoa vyeti hufanya ukaguzi wa kushtukiza angalau mara moja kila miaka mitano, na pale inapofaa huwafikia pia wakandarasi na wauzaji wa mtengenezaji.

Kuvuka kutoka maabara hadi kiwandani ni hatua ambayo miradi mingi huiona kuwa nyepesi. Vifaa kumi vilivyounganishwa kwa mkono na wahandisi waliovisanifu havithibitishi kwamba vifaa elfu kumi vitakavyounganishwa na watu wasiowajua wahandisi hao vitakuwa sawa. Zaidi ya hayo, wabia huwa zaidi ya mmoja, na kila mmoja huona kipande chake. Msanifu anaweza kuchagua plastiki ya polipropilini kwa kuwa ni nyepesi na haina gharama kubwa, na mshauri mwingine akapanga kifaa kitakaswe kwa mionzi ya gama. Kila uamuzi unaeleweka ukiwa peke yake, lakini mionzi hiyo huifanya polipropilini ya kawaida iwe na wepesi wa kukatika, na nyufa zinaweza kujitokeza miezi mingi baadaye, kifaa kikiwa ghalani. Kazi ya kuviona vipande vyote pamoja haiwezi kupelekwa nje. Hata kampuni ndogo inahitaji walau mtu mmoja wa ndani mwenye uwezo wa kusoma kazi ya wahandisi na kuuliza maswali magumu.

Sokoni kuna milango kadhaa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 iliviweka vifaa tiba katika madaraja matatu kwa kufuata hatari. Kifaa cha hatari ya kati kwa kawaida hupitia utaratibu wa 510(k), unaokilinganisha na kilichoko sokoni tayari, na kile cha daraja la tatu hudaiwa ushahidi mzito zaidi. Ulaya ina madaraja ya I, IIa, IIb na III. Daraja linapaswa kujulikana kabla mbia hajapewa kazi, kwa sababu ndilo linaloamua majaribio na maandishi yatakayodaiwa, na ahadi ya mbia kwamba kifaa kitapata kibali ni ahadi asiyoweza kuitimiza, maana kibali hutolewa na mamlaka.

Baada ya kibali kuna miaka mingi ya kufuatilia malalamiko, kuripoti madhara na kukihudumia kifaa. Chipu iliyomo ndani yake inaweza kuacha kutengenezwa wakati pampu bado inahitajika wodini, na kuweka chipu nyingine hurudisha sehemu ya uhakiki mezani. Siku hiyo mwenye kifaa huhitaji zaidi ya michoro: atahitaji msimbo pamoja na toleo lilelile la zana zilizoujenga, meza ya majaribio, na kalibu za kumiminia plastiki, ambazo aghalabu hukaa kwa mwenye kiwanda. Mkataba mzuri huvitaja vitu hivyo kimoja kimoja. Iko pia njia ya kupima kama makabidhiano yamekamilika: mwenye kifaa huwapa jalada lote wahandisi ambao hawajawahi kukiona kifaa hicho, na kuwataka waijenge programu na kuunganisha pampu moja bila kumuuliza mbia lolote. Wanapokwama ndipo palipo na pengo, nalo ni rahisi kuzibwa mbia akiwa bado kazini kuliko miaka sita baada ya wahandisi wake kutawanyika.