Tatizo la lo na la si kukariri

Walimu wengi wanaofundisha Kihispania kwa wasemaji wa Kiingereza huamini kwamba viwakilishi vya yambwa tendwa (maneno mafupi yanayosimama badala ya anayetendwa au kinachotendwa), yaani lo, la, los na las, ni suala la kukariri: jinsia na idadi zikishakaa kichwani, kazi imekwisha. Si kweli. Mwanafunzi anaweza kujaza nafasi zote za zoezi bila kosa, kisha akasikia "La sigue el perro" na kuelewa kwamba mwanamke ndiye anayemfuata mbwa. Sentensi inasema kinyume: mbwa ndiye anayemfuata mwanamke.

Chanzo ni mpangilio. Kiingereza kwa kawaida humweka mtenda mwanzoni, kwa hiyo msikilizaji huchukua nomino au kiwakilishi cha kwanza kuwa mtenda. Kihispania huruhusu yambwa itangulie na mtenda aje baada ya kitenzi. Mwaka 1993, watafiti wa ujifunzaji lugha Bill VanPatten na Teresa Cadierno walionyesha kwamba wanafunzi waliofunzwa kwanza kutambua nani kamtenda nani walizielewa sentensi za aina hii vizuri kuliko waliofunzwa kwa mazoezi ya kawaida ya kutunga. Na katika kutunga hawakuachwa nyuma! Hilo lingetosha kubadili vipindi vingi.

Msemaji wa Kiswahili ana nafuu: katika "anamwona", kiambishi cha yambwa kinatangulia mzizi, kama lo katika "lo ve". Ila kwenye amri aangalie. Sisi husema "kinunue". Mhispania husema "cómpralo", akiiweka lo mwishoni, na akikataza huirudisha mbele ya kitenzi: "no lo compres" (usikinunue).