Ukoko juu ya zaha changa: kwa nini usitafute kobalti kwenye mhimili wa tuta la bahari

Ukoko wa wali hutaka chungu kikae motoni. Ukoko wa madini baharini nao hutaka muda, ila muda wake ni mamilioni ya miaka, na hutaka pia jiwe tupu lisilofunikwa na tope. Naanzia hapa kwa sababu habari za madini ya bahari kuu zikifika Kampala, vitu vitatu hupikwa katika sufuria moja: vinundu vya manganizi vinavyolala juu ya tope kwenye kina cha mita 4,000 hadi 6,000, ukoko wenye kobalti ulioshikamana na milima mikongwe ya chini ya bahari, na salfaidi, yaani misombo ya salfa, za shaba na zinki zinazoletwa na chemchemi za moto kwenye matuta ya katikati ya bahari. Uganda haina pwani, lakini imo katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, na sakafu iliyo nje ya mipaka ya nchi husimamiwa kwa niaba ya watu wote na mamlaka yenye makao yake Kingston, Jamaika. Mwanafunzi wa jiolojia wa Makerere ana sababu nzuri ya kuvijua vitu hivi kimoja kimoja.

Kwenye tuta, lisome jiwe kwanza. Ukoko utaeleweka baadaye.

Tuta ni mahali mabamba mawili ya ganda la dunia yanapoachana. Mwamba wa moto ulio chini hupanda kuziba pengo, na kadiri unavyopanda mgandamizo hupungua, hadi sehemu yake ndogo, kama asilimia 10, ikayeyuka. Hapana tanuri lililoongezwa kuni. Kilichobadilika ni mgandamizo. Hicho kilichoyeyuka hutoka kikiwa zaha ya basalti, jiwe jeusi la volkeno, yenye joto la nyuzi 1,150 hadi 1,200 hivi, kikakutana na maji ya nyuzi 2. Ngozi ya nje huganda papo hapo na kuwa kioo cheusi, unene wa sentimita moja au mbili. Zaha ya ndani husukuma, ngozi hupasuka, bonge jipya huvimba pembeni. Mabonge hayo hulundikana kama mito ya kulalia, ndiyo maana huitwa zaha ya mito. Mito ya maji haihusiki. Zaha ikitoka kwa wingi na kwa haraka haipati nafasi ya kuvimba: hutandazika kama chapati, na hali hii huonekana zaidi kwenye matuta yanayopanuka kasi, kama lile la Pasifiki ya Mashariki.

Hicho kioo ndicho sehemu ya thamani kuliko zote kwa mtu wa kemia ya miamba. Kimekamata zaha ilivyokuwa kabla fuwele za olivini na plajioklesi hazijakua na kujitenga. Ukikipima utakuta silika karibu asilimia 50, oksidi ya magnesi asilimia 7 au 8, na oksidi ya potasi kidogo mno, kwa kawaida asilimia 0.1 hadi 0.2. Linganisha na mawe ya volkeno zetu za magharibi: katungiti, mafuriti na ugandaiti, yaliyolipa kundi zima la kamafugiti jina lake duniani kote. Hayo yana potasi ya asilimia kadhaa na silika chache kupita basalti ya bahari. Yetu yalitokana na kuyeyuka kudogo sana, kwenye kina kirefu, chini ya bara nene. Yale ya bahari yalitokana na kuyeyuka kwingi karibu na uso. Bonde la Ufa ni ufa wa bara ambao haujawa bahari, na mawe yake yanalisema hilo waziwazi.

Potasi pia ni mtego. Maji ya bahari hulila jiwe taratibu, kioo kikageuka palagoniti ya manjano au kahawia, na potasi ikaingia ndani. Ukipata asilimia 0.6 usikimbilie kuandika kwamba chimbuko la zaha ni la ajabu. Angalia kwanza kama kuna umanjano kwenye kingo, kisha angalia uzito unaopotea jiwe likichomwa. Dawa yake ni kazi ya mkono: ponda kioo, chekecha ubaki na punje za kama nusu milimita hadi milimita moja, zioshe kwa mawimbi ya sauti, halafu chagua chini ya hadubini punje nyeusi zinazong'aa tu. Inachosha, lakini hakuna mashine itakayoirekebisha sampuli iliyochaguliwa vibaya.

Sasa ukoko. Ule wenye kobalti hujengwa na chuma na manganizi vinavyotua kutoka kwenye maji baridi, chembe kwa chembe, kwa kasi ya milimita 1 hadi 5 kwa kila miaka milioni moja. Tuta la katikati ya Atlantiki hupanuka kama milimita 25 kwa mwaka, nusu kila upande, yaani kilomita 12.5 kwa miaka milioni moja. Basi jiwe lililo kilomita 12.5 kutoka kwenye mhimili, yaani mstari ambapo mabamba yanaachana, lina umri wa miaka milioni moja, na ukoko wake hauwezi kuzidi milimita 1 hadi 5. Kwenye sehemu za kasi za Pasifiki ya Mashariki, ambako upanuzi hufika milimita 150 kwa mwaka, jiwe lililo kilomita 10 pembeni lina miaka 133,000 hivi: ukoko wake haufiki hata milimita moja. Ukitaka sentimita 10 kwa kasi ya milimita 2, unahitaji miaka milioni 50, na kwa mwendo wa Atlantiki hiyo ni zaidi ya kilomita 600 kutoka kwenye mhimili. Kabla hujafika huko tope litakuwa limeshafunika sehemu zote tambarare. Ndiyo maana ukoko mnene hutafutwa kwenye miteremko ya milima mikongwe ya chini ya bahari, ambako mkondo hufagia tope.

Mtu akikuonyesha ukoko wa manganizi wa sentimita kadhaa kutoka kwenye mhimili wenyewe, umri wa jiwe unakwambia kwamba haukujengwa na maji baridi. Umetoka kwenye chemchemi. Ukoko wa chemchemi hukua haraka mara mamia, na haraka hiyo ndiyo inayoufanya uwe maskini. Kobalti hunaswa juu ya uso wa oksidi ya manganizi polepole. Uso ukifunikwa upesi na tabaka jipya, haipati nafasi. Ukoko wa maji baridi huwa na kobalti ya asilimia 0.3 na kuendelea. Wa chemchemi mara nyingi hauna hata 0.1. Uwiano wa chuma na manganizi nao husaidia: wa maji baridi huwa navyo karibu sawa, wa chemchemi huegemea upande mmoja, ama manganizi karibu tupu ama chuma karibu tupu.

Chemchemi zenyewe zilionekana mara ya kwanza 1977 karibu na Galápagos, na mabomba yanayotoa moshi mweusi 1979 kwenye tuta la Pasifiki ya Mashariki. Maji ya bahari hupenya kwenye nyufa, hupata moto mkali karibu na magma, hupoteza magnesi yake yote, hugeuka tindikali na kubeba shaba, zinki na chuma yakiwa na joto la nyuzi 350 na zaidi. Hayageuki mvuke kirahisi, kwa kuwa kwenye kina cha mita 2,500 mgandamizo ni karibu mara 250 ya ule wa hewa ya juu. Kule kukosa magnesi ndiko kipimo cha uaminifu wa sampuli ya maji: ikiwa na magnesi, kuna maji ya bahari yaliyochanganyika nayo, na ni lazima uhesabu kurudi nyuma hadi magnesi iwe sifuri.

Bomba huanza kama gamba jeupe linalojitokeza ndani ya birika. Sukari huyeyuka zaidi kwenye chai ya moto, lakini anhidriti, yaani salfeti ya kalsiamu, hufanya kinyume: maji ya bahari yakipita nyuzi 150 hujitenga na kuganda. Hivyo mahali maji ya moto yanapokutana na maji baridi hujengwa ukuta wa anhidriti. Ukuta ukishazuia mchanganyiko, chalkopairiti, salfaidi ya shaba na chuma, hujipanga ndani kwenye joto kali, na sfaleriti, salfaidi ya zinki, hukaa nje palipo na ubaridi. Vipande viwili vya bomba moja vinaweza kukupa majibu mawili tofauti kabisa. Chemchemi ikizimika, anhidriti huyeyuka tena kwenye maji baridi na bomba huanguka.

Kosa ninaloliona kubwa katika makadirio ya utajiri ni kuchukua ncha za mabomba na kuzidisha kwa ukubwa wa kilima kizima cha salfaidi kilicho chini yake. Kilima kiitwacho TAG kwenye Atlantiki, nyuzi 26 Kaskazini, kina upana wa kama mita 200. Kilipochorongwa 1994 ndani yake kulikuwa zaidi na pairiti (salfaidi ya chuma), anhidriti na silika. Shaba na zinki zilikuwa zimesukumwa kuelekea juu na maji ya moto yanayopita tena na tena.

Kulitambua jiwe mkononi si kugumu ukizoea. Kioo hung'aa na kuvunjika kwa mikunjo kama chupa. Palagoniti ina rangi ya asali na ulaini wa nta. Ukoko wa maji baridi ni mweusi uliofifia na huchafua vidole. Ule wa manganizi ya chemchemi mara nyingi una mng'ao wa kijivu kama chuma. Ukoko wa chuma ni wa rangi ya udongo mwekundu na humomonyoka. Salfaidi ni nzito kupita unavyotarajia. Dondoshea tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa: oksidi ya manganizi hutoa povu papo hapo. Salfaidi nayo inaweza kutoa viputo, kwa hiyo pima uzito na rangi ya unga wake pia.

Kapu la mnyororo linalokokotwa sakafuni huleta mawe mengi kwa bei nafuu, lakini halikwambii ni jiwe lipi lilikuwa juu ya lipi, na ukoko laini husagika njiani. Kwa kioo peke yake, chuma kizito chenye vikombe vya nta kinatosha: kinagonga, vipande vinanata. Sampuli yenye anhidriti usiiache kwenye ndoo ya maji baridi, itapungua ukiwa umelala. Ukoko wa manganizi una maji mengi, unaweza kufika theluthi ya uzito wake, na ukishakaushwa huyanyonya tena kutoka hewani. Ukaushe kwa nyuzi 110, uupime upesi, na uandike kama asilimia ya kobalti ni ya ukoko mkavu au mbichi. Maabara mbili zikitofautiana, uliza hilo kwanza.

Salfaidi ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, na hapa mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, una la kufundisha. Wataalamu wengi huiona shaba ya mgodi wa Kilembe, ulio jirani na mji huo, kuwa salfaidi ya chemchemi za sakafu ya bahari ya kale, iliyobanwa na kupashwa moto baadaye hadi ikawa sehemu ya Rwenzori. Kobalti yake imo ndani ya pairiti, si kwenye ukoko wowote. Lundo la pairiti hiyo liliachwa wazi Kasese. Hewa na mvua viliigeuza kuwa asidi ya salfa, na maji yake yakaacha njia ya ardhi tupu kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Kuanzia 1999 bakteria walitumiwa kuyeyusha pairiti hiyohiyo ndani ya matangi ili kupata kobalti. Kipande cha bomba kilichowekwa juu ya rafu hupitia jambo lilelile kwa kipimo kidogo: suuza chumvi kwa maji safi haraka, kikaushe bila joto kali, kisha kifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa uliojazwa naitrojeni. Usipofanya hivyo, utaanza kuona unga mweupe na wa manjano juu ya jiwe, na lebo ya karatasi iliyo chini yake itakuwa imeliwa na asidi.